Ni Msichana, Lakini

Kama wewe ni msichana na umeanza kunyoa kidevu kwa siri, maelezo haya ni yako. Wengine mnaweza kusoma mkipenda, ila msitarajie nitawabembeleza. Nimepona, umri umesogea, nina duka la vitambaa hapa Ngara mjini, na wateja wakinipigia simu bado wananiita kaka. Sina hamu tena ya kumfurahisha mtu. Nitasimulia ilivyoanza, nilivyotibiwa na watu walivyokuwa. Ukiona watu wamechukua nafasi kubwa kuliko ugonjwa, ujue ni kwa sababu ugonjwa ulikuwa na adabu kuwashinda.

Ilianza kwa damu kukatika. Nilikuwa kidato cha tatu, lakini nilikuwa nimechelewa sana kuanza shule, kama wengi wetu wa Murukulazo, kwa hiyo nilikuwa mtu mzima tayari na nilijua mwezi wangu unavyokwenda. Ilikuwa katika miaka ile ya watu wengi, wakati barabara ya kutoka mpakani Rusumo ilipojaa familia zenye magodoro kichwani na vilima vya Kasulo vikageuka bluu kwa maturubai. Kila baya lililotokea siku hizo tulilitupia kambi. Kuni zimekwisha, ni wakimbizi. Mbuzi kaibwa, ni wakimbizi. Nilipomwambia Mama kwamba masika yote sijaona damu, alisema ni maji ya mtoni, wakimbizi wameyachafua. Nilimwamini kwa sababu ilikuwa rahisi kuamini.

Baada ya damu zikaja ndevu. Kwanza vinyweleo vya juu ya mdomo, ambavyo hata shangazi zangu wanavyo na hakuna aliyewahi kuwasema. Kisha kidevuni, vigumu, vyeusi. Mama alininunulia wembe na kunifungia chumbani, akaninyoa yeye mwenyewe huku anasali, na akaniambia nikiulizwa nijibu kwamba nilianguka kwenye changarawe. Nywele za mbele zikaanza kurudi nyuma. Uso ukajaa chunusi. Kanisani nilikuwa naimba sauti ya kwanza. Nikashushwa ya pili, kisha mwalimu wa kwaya akaniambia nipumzike mpaka mafua yaishe. Yale mafua hayajaisha mpaka leo.

Tumbo nalo lilikuwa zito upande wa kushoto. Haliumi sana, ila nikilala ubavu huo nilihisi kitu kinasogea pamoja nami. Hilo sikumwambia mtu.

Na nikawa na mbio. Hili ndilo jambo ambalo watu wa vijiji vyetu wanalikumbuka, maana ndevu waliziona wachache, lakini mbio waliziona wote. Kabla ya hapo nilikuwa mkimbiaji wa kawaida tu, wa nne, wa tano, yule anayepigiwa makofi ya huruma. Mwaka ule, kati ya kupanda maharage na kuvuna, nilianza kuwaacha wasichana wote wa shule yetu. Mapaja yalikaza. Nilikuwa napanda kilima cha kwetu bila kuhema, nikifika juu natamani kingine. Ningekudanganya nikisema sikufurahi. Nilifurahi sana.

Aliyefurahi zaidi alikuwa mwalimu wetu wa michezo, Mwalimu Stanslaus. Huyu alikuwa Mhangaza mwenzetu, na kama wengi wetu, r na l kwake ni kitu kimoja. Hata jina lake alilitamka Stansrausi, na darasa zima lilikuwa likimwigiza akigeuka ubaoni. Mimi hizo herufi zilinikaa kichwani kwa fimbo za shule ya msingi, kwa hiyo nilikuwa miongoni mwa waliomcheka. Alikuwa anasimama karibu nami kila jioni ya mazoezi. Aliona mikwaruzo ya wembe kidevuni. Alisikia sauti yangu ikivunjika. Alichosema ni kwamba mazoezi sasa yamekubari, akaagiza jikoni niongezewe maharage. Sitamsamehe kwa sababu hiyo, si kwa yale yaliyofuata.

Mashindano ya shule yalifanyika Biharamulo mwanzoni mwa kiangazi. Msimamizi wa mbio alikuwa mtu mmoja mnene aliyevaa filimbi shingoni hata wakati wa kula. Tulimwita Bwana Filimbi, na jina lake halisi silitaji kwa sababu halina faida kwako. Siku ya kwanza nilishinda mita mia nane. Bwana Filimbi alininyanyua mkono, akawaambia wageni kwamba mimi ni mali ya mkoa. Siku ya pili nikashinda mita elfu moja mia tano, na aliyekuwa wa pili, mbali nyuma yangu, alikuwa Jasinta wa Nyakahura.

Jasinta alikuwa bingwa kabla yangu. Msichana mrefu, kwao wafugaji, babu zake walikuja kutoka Rwanda zamani, kabla hata mama yangu hajazaliwa, lakini mwaka ule watu walianza upya kumwita mkimbizi. Alikuwa amejifunza mbio nyuma ya ng'ombe wa baba yake, peku, asubuhi na jioni. Hakulia wala hakujitupa chini. Alimfuata Bwana Filimbi moja kwa moja, nami nikiwa nimesimama palepale, akasema mbele yangu.

"Mimi sisemi ameiba. Nasema mwili ule si kama wangu. Muutazame."

Nilimchukia jioni ile yote. Lakini nikiwapanga watu wote wa kisa hiki mstari mmoja, yeye ndiye pekee aliyesema kitu cha kweli, akakisema hadharani, na akasema kile tu alichokiona. Mwalimu wake ndiye aliyekuja na tusi la jike-dume, na vijana wa pembeni ya uwanja wakalidaka, wakaniimbia.

Bwana Filimbi sasa alikuwa na kazi ya kuamua, na kuamua hakujui. Hapakuwa na daktari. Hapakuwa na kanuni yoyote aliyoijua mtu. Kulikuwa na akina mama wawili waliokuwa wanatupikia ugali, na kwa kuwa wao ndio wanawake watu wazima waliokuwa karibu, ndio walioitwa. Walikuja wakijifuta unga mikononi. Walitundika kitenge dirishani mwa darasa na kuniambia niingie. Sitaeleza yaliyofanyika mle ndani. Haikuchukua muda mrefu, na mmoja wao aliniomba radhi mara kadhaa, akiniita mwanangu. Mwingine hakusema kitu. Walipotoka nje, Bwana Filimbi akauliza, nao wakatazamana, na yule aliyekuwa kimya ndiye aliyejibu.

"Ni msichana," alisema. "Lakini."

Hakumalizia. Nadhani hata mwenyewe hakujua kilichofuata baada ya lakini. Bwana Filimbi naye hakumuuliza. Alilichukua hilo lakini, akaliacha neno msichana palepale mlangoni. Kesho yake ushindi wangu ukafutwa. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu ambaye akina mama wawili wamemtazama wakashindwa kumalizia sentensi huenda ni mgonjwa. Walikuwa watu wazima, wengine wamesoma, wamekaa kwenye viti wakijadili kama nikimbie na wasichana au na wavulana, na hakuna hata mmoja aliyesema nipelekwe hospitali. Hapo ndipo dharau yangu kwao ilipoanzia, na sijaona sababu ya kuipunguza.

Nilirudishwa nyumbani, na siku chache baadaye Mwalimu Stanslaus akaja kwa baiskeli kumpa Baba habari rasmi. Baba alikuwa amekaa barazani anapukuchua mahindi. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa, mtu wa maneno machache, na maneno mengi ya yale machache yalihusu familia moja ya Kasulo yenye ng'ombe wazuri, ambayo kijana wao alikuwa ameshatuma mshenga. Mambo ya mbio hakuyajua wala hakuyataka. Mwalimu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akapewa kigoda, akazunguka na habari za mvua na za kambi. Kisha akavua kofia.

"Mzee, wakubwa wamekaa kure Biharamuro, wameamua. Huyu binti hana mahari kwa wasichana wenzake."

Mwalimu alimaanisha mahali. Alimaanisha kwamba sina nafasi, nisikimbie nao. Mimi nilimwelewa mara moja. Lakini kwa Baba, mahali na mahari yalikuwa neno moja siku zote, na katika hayo mawili alilisikia lile alilolala nalo na kuamka nalo. Alisikia kwamba serikali imekaa kikao, imeamua kwamba kati ya wasichana wote binti yake hana mahari. Alisimama, mahindi yakamwagika. Akauliza hao wakubwa wamejuaje, na nani kawapa ruhusa ya kuzungumza mahari ya binti asiye wao. Mwalimu akajibu kwamba walinikagua. Baba akakaa tena.

Kabla jua halijazama habari ilikuwa imevuka mabonde. Huku kwetu habari inatamkwa na midomo ya namna moja, kwa hiyo haikukutana na mtu wa kuisahihisha. Binti wa fulani hana mahari, imetangazwa Biharamulo. Watu wa Kasulo waliisikia. Wa kanisani waliisikia, wakaja kusali kwetu kwa sauti kubwa, wakitaja kila kiungo ili jirani ambaye hakufika naye apate kujua. Shangazi yangu mkubwa akamlaumu Mama, Mama akaulaumu ukoo wa Baba, na kwa wiki nzima walipikia majiko mawili tofauti. Mimi nilijaribu kumweleza Baba kwamba ni mahali. Nililitamka polepole, ma-ha-li. Aliniambia nisimfundishe Kiswahili.

Na mwisho wa wiki hiyo alinipeleka hospitali. Nataka uelewe vizuri hapa. Hakunipeleka kwa sababu ya ndevu, ambazo alikuwa ameziona. Hakunipeleka kwa sababu ya sauti. Alinipeleka ili daktari mzungu atamke kwa kinywa chake kwamba mimi ni mwanamke, yeye akawaambie watu wa Kasulo.

Wazungu walikuwa kambini. Hospitali yao ilikuwa ya mahema, na waliwatibu wakimbizi na wenyeji pia, bure. Tulifika tukiwa na vumbi la lori mpaka kwenye kope. Kulikuwa na foleni mbili zilizotenganishwa kwa kamba, wanawake huku, wanaume kule, na mlinzi mwenye fimbo alikuwa anapanga watu. Nilikuwa nimejifunga kanga na kitambaa kichwani. Aliniuliza naumwa nini, nikajibu, na aliposikia sauti akanisukuma kwa fimbo upande wa wanaume. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

Katika foleni ya wanawake alikuwepo mama mmoja, Mrundi, amebeba mtoto mgongoni na mwingine kamshika mkono. Simjui jina. Aliinua kamba, akanishika kiwiko, akanivuta upande wake. "Ngwino hano," alisema, yaani njoo hapa, akasogea nyuma ili nisimame mbele yake. Mlinzi akafungua kinywa, yule mama akamtazama mpaka akakifunga. Hakuniuliza chochote. Tulisimama pale tangu asubuhi mpaka jua lilipokuwa utosini, na kila foleni iliposogea alinigusa mgongo kidogo. Kama unasoma hii ukiwa kwenye benchi la kusubiri, tafuta mtu wa namna hiyo, na ukimpata usimwachie.

Ndani ya hema kulikuwa na daktari kijana wa kizungu na mkalimani wake, kijana wa huku huku. Daktari alinigusa tumbo, akasita upande wa kushoto, akagusa tena. Akasema kitu. Mkalimani akamgeukia Baba kwa heshima.

"Anauriza, mzee, ni mahari gani."

Alikuwa anaulizwa maumivu yako mahali gani. Baba akajiweka sawa kwenye kiti, akajibu kwamba walikuwa wamefikia ng'ombe na mbuzi lakini bado wanazungumza. Mkalimani akatafsiri. Daktari akatutazama mmoja mmoja. Mimi nikacheka, mara ya kwanza tangu Biharamulo, kwa ile sauti yangu nzito, nikiwa nimelala chali na mkono wa mtu tumboni. Nikamwonyesha daktari kwa kidole pale palipokuwa pazito.

Kilikuwa uvimbe. Ulikuwa umekaa kwenye kifuko changu cha mayai cha kushoto, na ulikuwa ukimwaga mwilini mwangu kitu ambacho wanaume wanacho kwa wingi na wanawake kidogo tu. Hiyo ndiyo elimu yote nitakayokupa, kwa kuwa ndiyo yote niliyopewa, na ilinitosha. Kambini hawakuweza kuupasua. Tulitumwa kwenye hospitali ya misheni upande wa Biharamulo. Siku hizo magari yalikuwa yanakusanyika Nyakahura yakisubiri askari wa kuyasindikiza porini kwa sababu ya majambazi, na tulisubiri pale sokoni tukila mahindi ya kuchoma. Mama alikuwa amekuja nasi. Ndipo alipomweleza Baba, kwa Kihangaza, ambako maneno hayo mawili hayafanani hata kidogo, kile ambacho Mwalimu alikuwa amekuja kusema.

Baba alitafuna hindi lake mpaka likaisha.

"Kumbe ni mbio," alisema. "Ningejua ni mbio tu, nisingetoka nyumbani."

Alisema hivyo bila hasira, kama anavyoweza kusema kwamba mvua imekawia. Mama aliangalia pembeni. Daktari wa kambini alikuwa ametuambia kwamba kitu kile kingekaa mwaka mwingine kingeniua, naye Baba alikuwepo alipotuambia. Nilimpenda Baba yangu na nimemzika kwa heshima zote, lakini siku ile pale Nyakahura nilimdharau, na kwa kuwa nimeamua kusema ukweli, nausema. Ninaishi kwa sababu ya r moja iliyowekwa pasipo pake.

Aliyenipasua alikuwa mtawa, mwanamke mfupi mwenye mikono ya baridi, ambaye wote tulimwita Sista Daktari. Kiangazi kilikuwa kikali. Wodi ilikuwa na kina mama waliojifungua kwa kisu, na ndugu zao walipika nje, moshi ukiingia madirishani. Mama alilala chini ya kitanda changu kwenye mkeka. Nilipozinduka mdomo ulikuwa mkavu na tumbo linawaka, na jirani yangu wa kitanda, ambaye mtoto wake hakuishi, alinilowesha midomo kwa pamba. Alifanya hivyo kila nilipoamka. Kumbuka kwamba yeye ndiye aliyekuwa na msiba.

Nilipoweza kukaa nilimuuliza Sista Daktari swali ambalo lilikuwa limenikaa rohoni. Nilimuuliza zile mbio nilishinda mimi au ulishinda uvimbe. Alikuwa ananibadilisha bandeji.

"Mimi nakata, mwanangu," alisema. "Mbio sizijui. Lala."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa na elimu ya kujibu, na yeye peke yake ndiye aliyekataa. Kwa hiyo nilibaki nalo mwenyewe, nikalitafuna wodini mpaka nyuzi zilipotolewa. Mbio za wasichana zimetengwa kwa sababu. Zingekuwa za kila mtu, Jasinta angekula vumbi la wavulana maisha yake yote, na asingejua kamwe kwamba yeye ni hodari. Nguo niliyokuwa nimevaa ilikuwa ya msichana, mwili ulikuwa wa msichana, lakini ile pumzi ya kupanda kilima bila kuhema ilitoka kwenye lile pande la nyama ambalo Sista alilitupa. Jasinta alikuwa na haki ya kuuliza. Ambacho hakuna mtu alikuwa na haki nacho ni kile kitenge cha dirishani, na wale wanaume wa viti waliotaka jibu bila kutaka kujua nina nini. Swali lilikuwa safi, walioshika majibu ndio walikuwa wachafu.

Miaka ya baadaye, nikiwa nimekwenda kukaguliwa, nilikutana pale hospitalini na msichana mwingine wa aina yangu, isipokuwa yeye alizaliwa hivyo. Hana uvimbe wa kukatwa. Yeye pia alikuwa anakimbia. Kwake sina jibu la nani akimbie na nani, na nimewasikia wengi sokoni na redioni wanaolitoa haraka, wa upande huu na wa upande ule, wote wakiwa na sauti ya Bwana Filimbi. Siwaamini. Anayejibu haraka hajawahi kukaa ndani ya lile darasa.

Mvua za vuli ziliponyesha nilikuwa nyumbani. Ndevu hazikuanguka zote kama nilivyodhani. Zikawa laini, zikapungua, na chache zimebaki nami, nazing'oa Jumamosi. Nywele za mbele ziliota. Mapaja yakalegea, nikaona aibu kwamba nayasikitikia. Sauti haikurudi. Sista alikuwa ameniambia haitarudi, lakini niliamka kila asubuhi nikaijaribu kitandani, kidogo kidogo, mpaka nikachoka. Damu ilirudi tukiwa tunavuna maharage. Nilikuwa shambani na Mama, nikamwambia, akaketi katikati ya matuta, akajifunika uso kwa kanga akalia. Watu wa Kasulo walikuwa wameshaoa kwingine. Baba aliendelea kuwalaumu wakubwa wa Biharamulo kwa kuharibu mahari, na hakuna aliyejaribu tena kumsahihisha.

Nilirudi shule, na nikarudi kukimbia. Watu walidhani nataka kulipiza kisasi. Nilichotaka kilikuwa kidogo kuliko hapo. Nilitaka kujua katika zile mbio changu kilikuwa kiasi gani. Kovu lilivuta, pumzi ilikata njiani, vilima vilikuwa vimerefuka. Mwalimu Stanslaus alinitazama mara mbili, akarudisha maharage yangu kwenye kipimo cha wote.

Kiangazi kilichofuata tukaenda tena Biharamulo, uwanja uleule. Bwana Filimbi alinisikia nikiitikia jina langu, akakunja uso, akanong'onezana na mwalimu wangu. Akaambiwa nimepasuliwa. Akasema basi tuone. Hicho ndicho kilichokuwa kipimo chake, tuone. Jasinta alikuja tulipokuwa tunanyoosha miguu. Hatukuwa tumeonana tangu siku ile.

"Umepona?" aliuliza.

"Nimepona."

"Basi tukimbie," akasema, akaenda kwenye mstari wake.

Alinishinda vibaya. Aliwashinda wote vibaya. Alimaliza akiwa peke yake, kama mtu aliyetumwa dukani na hakuna mwingine njiani. Mimi nilikuwa wa sita. Nilifika nikiwa nimeinama, mkono kwenye kovu, na sitaficha kwamba nilisikia furaha ya ajabu. Wa sita alikuwa mimi. Huyu sikumwazima kwa mtu wala kwa kitu, na tangu damu ilipokatika sikuwa nimekutana naye. Nilikaa kwenye majani nikapumua.

Bwana Filimbi akanifuata pale pale. Alikuwa anatabasamu. Aliinama, akanipiga bega mbele ya walimu na wageni wake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba mambo yamekuwa mazuri, sasa hakuna wa kulalamika, sasa nimekuwa msichana kamili. Hakuita mtu kunitazama. Hakuuliza daktari alisema nini. Nimeshindwa, basi, ushahidi umepatikana. Nilihisi dharau ikinipanda kooni mpaka ikanifungua kinywa, nikamjibu kwa sauti hii hii niliyo nayo, wageni wakageuka.

"Kama wa sita ndiye msichana kamili, bwana, wa kwanza mnamwitaje?"

Nilitegemea atanikaripia. Nilitegemea watu watacheka. Bwana Filimbi hakufanya lolote kati ya hayo. Tabasamu lilimtoka polepole na badala yake akaanza kufikiri, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akilifanya. Akageuka. Upande wa pili wa uwanja Jasinta alikuwa anajimwagia maji kichwani, mrefu, mabega wazi, hana habari. Bwana Filimbi alimtazama. Alianzia miguuni, akapanda.

Niliinuka, kovu likivuta. Nikavuka uwanja, nikasimama katikati yao, mgongo wangu kwa Bwana Filimbi, mpaka nikawa nimemziba Jasinta mzima. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia avae sketi yake, tuondoke.